Zimeni Jiko la Mfiwa

Mtu amekata roho alfajiri. Saa nne asubuhi turubai limeshafungwa uwanjani, viti vya plastiki vinashushwa kwenye kirikuu, na mjane anaitwa chumbani na watu wazima watatu, wenye heshima zao, wanaomuuliza kwa sauti ya chini kama kuna hela ya kuanzia. Ya kuanzia nini? Ya jeneza? Ya kulipa mochwari? Hapana. Hela ya mchele, nyama, mafuta na mkaa, kwa kuwa watu wameanza kufika na haipendezi wakikaa na njaa.

Nalisema bila kumung'unya maneno: kumfanya mfiwa awalishe waliokuja kumpa pole ni dhuluma. Tumeizoea, tumeiita utu, tumeiita utamaduni, tumeiundia kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina, na bado ni dhuluma. Wala wanaoitenda hawatoki mbali. Ndio sisi tunaokaa kwenye viti vile na kunyoosha mkono kupokea sahani, kisha jioni njiani tunaulizana kama pilau iliiva vizuri.

Niliwahi kukabidhiwa daftari la kamati ya msiba mmoja wa mtaani kwetu, nipitie hesabu. Ni daftari la kawaida la shule, pembe zimekunjamana, jalada lina doa la mafuta ya kula. Kurasa za kushoto zina majina ya waliotoa rambirambi na ya wale walioahidi. Kurasa za kulia zina matumizi, yameandikwa kwa kalamu tofauti kadiri mshika daftari alivyobadilika: mchele, nyama, nazi, viazi, vitunguu, mkaa, maji ya chupa, soda, kukodi sufuria, ujira wa wapishi, turubai na viti, spika, mafuta ya jenereta, mpiga picha za video. Jeneza lilichukua mstari mmoja. Gari la maiti, mstari mmoja. Wachimba kaburi, mstari mmoja. Yote yaliyomhusu marehemu mwenyewe yangeenea kwenye kiganja cha mkono. Kurasa zilizobaki zilikuwa za matumbo ya watu. Na chini kabisa, baada ya mstari mzito, kulikuwa na deni la duka la nafaka na deni la mwenye turubai. Mbele ya madeni hayo mtu ameandika neno moja: familia.

Familia hiyo ni nani? Ni mwanamke aliyekaa kwenye mkeka, kanga imemfunika hadi machoni, na watoto watatu, mkubwa wao yuko kidato cha pili. Mumewe alikuwa fundi seremala, akaugua figo. Ujumbe wa kuomba mchango wa kumsafisha damu ulizunguka kwenye simu za mtaa mzima wiki hadi wiki, na wengi waliusoma wakanyamaza. Alipofariki, simu zilezile zikaamka. Waliompa mgonjwa elfu mbili wakampa maiti elfu hamsini, kwa sababu mchango wa msiba husomwa kwenye kipaza sauti watu wote wakisikia, na mchango wa mgonjwa hausomwi popote. Yule binti wa kidato cha pili nilimwona mwenyewe asubuhi ya mazishi. Wanaume walikuwa mochwari wakimvisha baba yake suti. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba, amechuchumaa mbele ya beseni, anaosha sahani za chai ili ziwahi chakula cha mchana. Hakuna aliyemwambia mwanangu, acha hizo, njoo ukae na mama yako. Sahani zilikuwa zinahitajika.

Nani aliamua kwamba mtoto aliyefiwa na baba yake awe mwosha vyombo wa wageni? Nataka jibu la swali hilo kutoka kwa kila anayesimama kutetea misiba yetu kwa jina la mila.

Na mambo haya hayaishii mtaani kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa unateketeza kaya mkoani Kagera, watafiti walizifuatilia familia za huko kuanzia 1991 hadi 1994 na kuandika kilichotumika mtu alipougua na kilichotumika alipokufa. Mazishi yalimeza fedha nyingi kuliko matibabu. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mchumi Anne Case na wenzake walikuta miaka kumi hivi baadaye kwamba mazishi ya mtu mzima mmoja yaligharimu kwa wastani fedha zinazolingana na kipato cha mtu cha mwaka mzima, na kwamba baadhi ya familia ziliishia kukopa, nyingine kwa wakopeshaji wa riba kali. Mwaka mzima wa jasho unaondoka kwa siku chache, na unaondoka wakati uleule aliyekuwa analeta mkate amekwisha kufukiwa. Kama kuna njia ya hakika zaidi ya kuwatia yatima umaskini, sijaiona.

Watatokea wa kuniambia: mwandishi, usiguse mila za watu. Nazigusa, tena kwa sababu nazijali. Waulizeni wazee wenu walikuwa wanakwendaje msibani. Jirani alikuja na kuni kichwani. Mwingine alileta mkungu wa ndizi, mwingine unga, mwingine kuku, mwingine ndoo ya maji, na asiye na kitu alikuja na jembe kwa ajili ya kaburi. Wanawake wa jirani waliingia jikoni na kumtoa mwenye nyumba. Mfiwa alikuwa hana kazi nyingine ila kulia, na watu walikuwa hawana kazi nyingine ila kumbeba. Hiyo ndiyo mila. Hii ya kumwita mjane chumbani umuulize hela ya nyama imezaliwa juzi, mjini, pamoja na maturubai ya kukodi na sare za msiba, na inajificha nyuma ya mgongo wa mababu ambao wangeitemea mate.

Kwa Waislamu jambo hili halihitaji mjadala mrefu. Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa katika vita vya Muta, mwaka 629, Mtume aliwaagiza watu waiandalie chakula familia ya Jaafar, kwa kuwa imefikwa na la kuishughulisha. Maelekezo yako wazi kama mchana: chakula kinaingia katika nyumba ya msiba, hakitoki. Sahaba Jarir bin Abdillah amepokewa akisema kwamba wao walikuwa wakihesabu kule kukusanyika kwa wafiwa na kupika chakula baada ya maziko kuwa ni sehemu ya maombolezo yaliyokatazwa. Masheikh wanayajua haya, wanayasoma msikitini, kisha wanaalikwa kwenye khitma ya arubaini iliyoliwa kwa mkopo na wanakaa mbele kabisa. Nawaheshimu, na kwa sababu hiyo nawauliza hadharani: mnanyamaza kwa ajili ya nani?

Na Wakristo wasijifiche nyuma ya Waislamu. Fungueni Yeremia sura ya 16. Nabii anapoelezea jinsi maafa yatakavyovunja desturi zote, anataja watu wanaomegewa mkate na kupewa kikombe cha faraja wakiwa wamefiwa na baba au mama. Wanaopewa ni wafiwa. Mkate na kikombe vinatoka mikononi mwa wengine. Wayahudi wameishika desturi hiyo hadi leo: mlo wa kwanza anaokula mfiwa baada ya kutoka makaburini lazima utoke kwa majirani, na hatakiwi kuula mkate wake mwenyewe. Sheria nzima imetungwa kumlinda mtu asiye na nguvu ya kujilinda siku hiyo.

Ndani ya Talmudi, kitabu kikuu cha sheria na mapokeo ya Wayahudi, kuna kumbukumbu ninayotaka kila mwenyekiti wa kamati ya mazishi aisikie. Zamani, inasimulia, gharama ya kumzika mtu ilikuwa imepanda mno kiasi kwamba ilikuwa nzito kwa jamaa kuliko kifo chenyewe, na wengine walimwacha maiti wao wakakimbia. Hebu fikiria: mtu anamwacha mama yake pale chini bila kuzikwa na kutokomea, kwa kuwa hana uwezo wa kulipia heshima ambayo jamii imeiwekea bei. Aliyeikata desturi hiyo alikuwa kiongozi wao mkubwa, Rabban Gamliel. Hakutoa hotuba. Aliagiza yeye mwenyewe azikwe kwa nguo ya kitani ya bei nafuu. Akiisha kuzikwa hivyo mkubwa wao, nani tena angemcheka maskini? Watu wote wakamfuata, na mpaka leo Myahudi tajiri na Myahudi fukara huvishwa sanda nyeupe iliyo sawa. Hapohapo panaelezwa pia kwamba matajiri walikuwa wakiwapelekea wafiwa chakula kwenye vikapu vya fedha na dhahabu, na maskini kwenye vikapu vya fito. Maskini wakaona haya. Ikaamriwa wote wapeleke kwenye vikapu vya fito. Waliona aibu ya maskini kuwa ni jambo la kutungiwa sheria. Sisi tunaisoma aibu hiyo kwenye kipaza sauti, jina na kiasi.

Abu Bakr, khalifa wa kwanza, alipokuwa anakufa mwaka 634, aliagiza nguo aliyokuwa ameivaa ifuliwe, iongezwe nguo mbili, azikwe nazo. Bintiye Aisha akasema ile ni kuukuu. Akajibiwa kwamba aliye hai ana haki zaidi ya nguo mpya kuliko aliyekufa. Mfalme Abdullah wa Saudia, mmoja wa watu matajiri kabisa duniani, alifariki Januari 2015 na siku ileile akawekwa ardhini mjini Riyadh akiwa amefungwa sanda, kwenye kaburi lisilo na jina. Msiniambie basi kwamba fundi seremala wa mtaani kwetu angevunjiwa heshima kwa kukosa soda.

Wakubwa wanaotoka katika ardhi yetu hii wamejaribu pia kutufundisha. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Mwaka 2011 alilazwa ndani ya jeneza la mianzi, mafunjo na magugumaji, akachomwa Kariokor, Nairobi. Raila Odinga, mwanasiasa wa Kenya aliyetoka katika jamii ambayo mazishi ya mtu wa kadiri yake yangeweza kuvutwa majuma kadhaa, aliacha wosia kwamba azikwe ndani ya saa 72. Alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025 na tarehe 19 alikuwa tayari amezikwa Bondo. Umati ulikuwa mkubwa, mizinga ilipigwa, lakini mazishi hayakuvutwa. Kama mwili wake haukuhitaji wiki tatu za mochwari ili ukoo upange vikao, wako na wangu utazihitajia nini? Kila siku ya mochwari ina bili yake. Kila siku kabla ya kuzika ina chai, chakula cha mchana na chakula cha usiku cha watu waliokuja kukaa. Anayesema tusubiri kwanza, tujipange, anatumia fedha za mtoto wa mwingine.

Serikali za kale ziliuona ugonjwa huu mapema. Solon, mtunga sheria wa Athens, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, alipiga marufuku kuchinja ng'ombe kaburini na kuzika nguo zaidi ya tatu. Warumi waliandika katika Sheria za Mbao Kumi na Mbili kwamba wapiga zumari wa msibani wasizidi kumi.

Nisije nikaeleweka kwamba nazidharau jamii zinazotumia mali nyingi kwa wafu wao. Katika milima ya Toraja, kisiwani Sulawesi, Indonesia, maiti huweza kukaa nyumbani miezi, pengine miaka, akihesabiwa kuwa mgonjwa tu. Husemeshwa, huletewa chakula, mpaka ukoo upate nyati na nguruwe wa kutosha kumuaga. Nyati mwenye mabaka anaweza kuuzwa bei ya gari. Lakini angalieni jinsi mambo yanavyokwenda huko. Ndugu na majirani huja wakiwa wanaswaga wanyama wao wenyewe. Kila mnyama huandikwa, aliyemleta na ukubwa wake, kwa kuwa ni deni: siku ya msiba wa aliyeleta, mnyama kama huyo atarudishwa, na baba asipomrudisha atamrudisha mtoto. Simwonei wivu mtoto anayerithi deni la nyati aliyechinjwa kabla hajazaliwa. Huo nao ni mzigo. Ila Mtoraja anajua anachodaiwa na anamjua anayemdai, na hakuna anayefika msibani mikono mitupu akasubiri kupakuliwa. Sisi tumechukua gharama za Toraja na kuiacha nidhamu yake.

Wafanyabiashara nao wamo, sitawasahau. Huko Marekani Jessica Mitford aliandika kitabu mwaka 1963 kuhusu kampuni za mazishi zilivyokuwa zikiwakamua wafiwa, na kelele zilizofuata zilichangia kuzaa kanuni ya mwaka 1984 inayozilazimisha kampuni hizo kumpa mteja bei ya kila kitu kwa maandishi, ili asiuziwe asichokitaka. Waliigundua siri ambayo kila muuza majeneza wa huku anaijua: mfiwa halinganishi bei. Hana muda, macho yamevimba, na anaona haya kuomba punguzo mbele ya jeneza la mama yake, asije akaonekana hakumpenda. Hapa kwetu nani anampa mjane karatasi yenye bei? Anapewa shemeji anayejua duka la rafiki yake.

Wafanyabiashara, hata hivyo, wanauza tunachokitaka sisi. Sisi ndio tuliotaka msiba uwe na mshereheshaji, uwe na sare za kitenge kimoja, uwe na fulana zenye picha ya marehemu, uwe na video ambayo hakuna atakayekaa kuitazama. Sisi ndio tuliowapa wanasiasa kipaza sauti juu ya jeneza. Nchini Kenya imefika mahali mazishi ya mtu asiye na chama yanageuka mkutano wa kampeni, waheshimiwa wanatupiana matusi, na mtoto wa marehemu anasubiri wamalize ili amfukie mzazi wake. Sisi ndio tuliofumbia macho disko matanga, zile ngoma za usiku kucha zinazopigwa nyumbani kwa mfiwa ati kuchangisha fedha, mpaka maofisa wa Kilifi na wa magharibi mwa Kenya wakazipiga marufuku mara kwa mara kwa sababu mabinti wadogo walikuwa wanarudi kutoka huko wakiwa wameharibiwa. Binti anaingia kwenye msiba wa jirani kusema pole, anatoka na mimba ya mtu asiyemjua jina. Halafu tunakaa tunazungumzia mmomonyoko wa maadili kana kwamba umeletwa na upepo.

Najua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza: kuna wageni wa mbali, wametoka mkoani, wamelala ndani ya basi, hatuwezi kuwaacha na njaa. Ni kweli, na mimi sitaki mtu yeyote alale na njaa. Wagawanywe majumbani. Nyumba kumi za mtaa zikichukua wageni wawili wawili, watu ishirini wamekula ugali na maharage, wameoga na wamelala kitandani, na nyumba ya msiba haijawasha hata jiko moja. Wakati wa kusafisha kaburi au kubeba jeneza mtaa hugawana kazi bila shida yoyote. Kwa nini kwenye chakula ushindwe? Na yule ambaye nyumbani kwake ni mwendo wa dakika ishirini, anakula nini msibani? Aende akale kwake, arudi.

Ya pili: wanawake wakipika pamoja wanafarijiana. Hii husemwa zaidi na wanaume waliokaa kwenye viti. Ingieni huko nyuma muone. Wanaamka kabla ya adhana kumenya viazi, moshi unawatoa machozi ambayo hayahusiani na marehemu, wanasukumwa waharakishe, na siku nzima inapita hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kwenda kukaa kwenye mkeka na kumshika mjane mkono. Shoga yake wa tangu utotoni amesafiri kuja kulia naye, na jioni anaondoka hawajaongea, alikuwa zamu ya kuchambua mchele. Tumewanyima wanawake faraja na kuwapa kazi, kisha kazi hiyo tukaiita faraja.

Ya tatu ndiyo inayotisha wengi, na husemwa kwa mnong'ono: tusipopika, watu watasema. Watasema marehemu hakuwa na watu. Watasema watoto wake ni wachoyo. Ndiyo, watasema. Watu hawahawa waliomwona akidhoofika hawakusema kitu. Na ni wepesi wa kusahau, nawahakikishia. Wiki ya pili turubai likishafunguliwa na mikeka ikishakunjwa, hakuna kati yao atakayerudi kuuliza ada ya shule imelipwa au haijalipwa. Kumwogopesha mjane kwa midomo ya watu wa namna hiyo ni ukatili.

Tena tunao uwezo wa kulibadilisha hili kesho asubuhi, kwa kuwa vyombo vya kulibadilisha tunavyo mikononi. Karibu kila mtaa Tanzania una kikundi cha kufa na kuzikana. Kina wanachama, kina ada ya mwezi, kina sufuria zake, mara nyingi kina hata turubai na viti. Waethiopia wana vyama vya aina hiyo, wanaviita iddir, na vyao wamevipa meno: vina katiba iliyoandikwa, daftari la wanachama, faini kwa asiyehudhuria, na kiasi kilichopangwa ambacho familia hukabidhiwa mara tu msiba unapotokea. Mahema, mabenchi na vyombo ni mali ya chama. Mfiwa hakodi chochote na hapigi magoti kwa mtu. Hakuna cha ajabu hapo ambacho mtaa wa Mbagala au wa Kisumu unashindwa kukifanya.

Basi kwenye kikao chenu kijacho, mkiwa mmekaa, kabla ya mengineyo, wekeni jambo hili mezani. Katika msiba wa mwanachama yeyote, hakuna senti ya familia itakayonunua chakula cha waombolezaji. Kikundi kitampikia mfiwa na watoto wake, sahani zao tu, siku tatu, jikoni kwa jirani. Wageni wa mbali watagawanywa majumbani na mwenye zamu. Hakuna mtoto wa marehemu atakayebeba sinia wala kuosha chombo. Rambirambi hazitasomwa kwa kipaza sauti. Zitaandikwa, zitahesabiwa mbele ya watu wawili wa familia, na kila kinachobaki baada ya jeneza, gari na kaburi kitakabidhiwa kwa mjane au mgane mkononi, kwa saini, kabla waombolezaji hawajatawanyika. Maziko yafanyike mapema inavyowezekana. Na kwa kuwa njaa ya yatima huanza pale watu wanapoondoka, kikundi kitateua wawili wa kurudi nyumba ile kila mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima, wakiwa na kitu mkononi.

Andikeni hivyo kwenye katiba, someni kwa sauti, kisha pigeni kura kwa kunyoosha mikono, ili kila atakayekataa ajulikane kwa sura.